Hesabu ya Maganda

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori wilayani Liwale, kandokando ya Pori la Akiba la Selous. Akirudi kutoka doria ya siku kumi au kumi na mbili, kabla ya kuoga, kabla hata ya kuonja uji aliotengewa, alikuwa akikunjua kitambaa juu ya mkeka na kumwaga maganda matupu ya risasi. Aliyahesabu kwa sauti ya chini. Risasi alizopewa, risasi alizorudi nazo, maganda aliyookota: hesabu hizo tatu zilipaswa kukubaliana, kwa sababu kesho yake ofisini angetakiwa kueleza kila ganda limetumika wapi na kwa nini. Ganda lisilo na maelezo lilikuwa aibu. Ganda lenye maelezo mabaya, yaani la mnyama aliyejeruhiwa akapotea, lilikuwa zaidi ya aibu. Nyati mwenye jeraha hamngoji aliyemjeruhi. Humvamia yeyote atakayepita, na kwetu aliyepita njiani alfajiri mara nyingi alikuwa mama mwenye ndoo kichwani.

Bunduki aliyokabidhiwa ilikuwa ya kaliba ya .458, risasi ambayo Winchester waliitoa mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa hatari kama tembo na nyati. Kichwa chake kina uzito wa gramu 32. Nikiwa mtoto niliruhusiwa mara moja kushika risasi hiyo kiganjani, na uzito ule ukanifundisha jambo ambalo baba mwenyewe hakulisema: kwamba risasi kubwa ndiyo inayoua. Nilivuka bahari na imani hiyo. Miaka mingi baadaye, katika milima ya Colorado, ikaniponza, na aliyelipa gharama alikuwa mnyama.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka ifikapo Agosti, vijana wetu wanaoishi hapa Aurora na Denver hunipigia simu kuniuliza swali lile lile: "Mzee, kwa elki ninunue risasi gani?" Wanatarajia namba. Ninayo namba ya kuwapa, lakini nataka waisikie pamoja na kisa chake.

Kwa asiyemjua, elki ni mnyama mwenye pembe za matawi ambazo dume huziangusha na kuziotesha upya kila mwaka. Watu wa kabila la Shawnee walimwita wapiti, kwa weupe wa matako yake. Dume aliyekomaa hufika kilo 320 hivi, jike kilo 230. Ukimpima kwa macho ya kwetu, ni mkubwa kuliko tandala na mdogo kuliko pofu. Colorado ndiyo jimbo la Marekani lenye elki wengi kuliko yote, takriban 280,000. Huishi juu, kwenye misonobari na miti ya aspen, mara nyingi mita 2,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mtu aliyezaliwa Liwale huhema hata akiwa amesimama.

Sheria ya Colorado inataja kiwango cha chini cha risasi ya elki: kaliba isiyopungua .24, kichwa kinachotanuka chenye uzito usiopungua gramu 5.5, na nguvu isiyopungua jouli 1,356 ikishasafiri mita 91. Risasi nyingi za kawaida zinavuka kiwango hicho bila shida. Tulifundishwa hayo kwenye mafunzo ya lazima ya wawindaji, nami niliyaandika vizuri daftarini. Kisha nilikwenda dukani nikanunua .300 Winchester Magnum.

Hiyo ni risasi nzuri. Ilitoka mwaka 1963, na imeangusha elki wengi mikononi mwa watu wanaoimudu. Kichwa cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 900 kwa sekunde. Mimi nilivutiwa na jina na urefu wa ganda. Nilipoishika risasi ile kiganjani, nilikuwa tena yule mtoto wa mkekani.

Kwenye uwanja wa shabaha niliipiga mara 20 tu. Mara ya tatu darubini ilinigonga juu ya nyusi, damu ikanitoka. Kuanzia hapo nikawa nafumba macho kabla ya kufyatua. Bega lilijikunja lenyewe, shingo ikakaza, mtutu ukainama kidogo kabla ya mlio. Karatasi ya shabaha ilinionyesha wazi: matundu yalitawanyika kama mbegu zilizomwagwa. Nilijiambia kwamba porini, mbele ya mnyama, sitasikia pigo la bega. Ni kweli kwamba wengi hawalisikii. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kujifunza woga, na mwili hauachi somo lake kwa sababu mwenyewe ameamua hivyo.

Msimu wa tatu wa bunduki huwa Novemba. Nilipanda milima ya upande wa Meeker, kaskazini-magharibi mwa jimbo, pamoja na mzee mmoja jirani yetu ambaye amewinda huko tangu ujana wake. Siku ya pili asubuhi, dume alitoka kwenye miti akasimama ubavu, umbali wa mita 220. Theluji ilikuwa imefika kwenye magoti yake. Nililala kifudifudi, nikaweka mtutu juu ya begi, nikasema Bismillahi, nikavuta. Nilifumba macho. Najua kwa sababu sikuona alivyopokea risasi. Nilipoyafumbua alikuwa tayari anakimbia. Nikampigia mbili nyingine, zote zikapita.

Tulisubiri saa nzima kama ipasavyo, kisha tukashuka. Juu ya theluji kulikuwa na matone machache ya damu nyeusi, na kando yake majimaji ya kijani. Mzee aliinama, akanusa, akanyamaza. Rangi ile inatoka tumboni. Maana yake risasi ilipita nyuma sana, ikayakosa mapafu, na mnyama atakufa polepole, baada ya saa nyingi, akiwa mbali. Tulimfuata mpaka giza. Kesho yake tulianza tena kabla ya jua, tukapita mabonde mawili na miti iliyoanguka, mpaka saa sita mchana theluji mpya ilipoanza kushuka na kufuta kila kitu. Tuliendelea kwa kukisia tu, tukitazama kunguru. Hatukumpata.

Jioni hiyo mzee aliniambia kwa upole, "Umebeba bunduki inayokutisha. Risasi yako ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa elki wawili, ila haikwenda ulikotaka."

Nilimpigia baba. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua nguvu, lakini swali lake la kwanza halikubadilika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Risasi ngapi?"

"Tatu."

"Na nyama?"

"Hakuna, baba. Nimemjeruhi."

Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza tulimfuata mpaka wapi, nikamweleza bonde kwa bonde, naye akawa ananikatiza: damu ilikuwa upande gani wa nyayo, alilala mara ngapi, alipanda au alishuka. Ilikuwa kama niko ofisini kwao mbele ya daftari. Halafu akasema:

"Bunduki hiyo umeizoea?"

"Naiogopa, baba."

"Mimi ile .458 niliibeba miaka ishirini na miwili, na kila siku nilitamani ingekuwa nyepesi. Walinipa kwa sababu nyati alikuwa hatua ishirini, naye anakuja. Huyo mnyama wako, akikuona, anakuja?"

"Haji. Anakimbia."

"Basi ulijibebesha mzigo ule kwa kumwogopa nani?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo lilikaa nami majira yote ya baridi, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu risasi kilianzia hapo.

Nilianza na hesabu. Nilichukua jedwali la .300 Winchester Magnum nikaliweka kando ya lile la .30-06 Springfield, risasi ambayo namba yake ya mwisho ni mwaka ilipopokewa na jeshi la Marekani, 1906. Kwa kichwa kile kile cha gramu 11.7, .30-06 hutoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Bunduki zote mbili zikirekebishwa zipige katikati ya shabaha kwenye mita 180, basi kwenye mita 275 ya .30-06 itakuwa imeshuka sentimita 21 hivi, na ya .300 sentimita 17. Tofauti ni upana wa vidole viwili. Mapafu ya elki, ukiyatazama ubavuni, ni eneo la ukubwa wa ungo mdogo. Kwa ajili ya vidole viwili ndani ya ungo, nilikuwa nimeongeza pigo la bega kwa karibu theluthi moja, na hilo pigo ndilo lililonipotezea ungo mzima.

Kuhusu nguvu, .30-06 ikifika mita 275 bado ina zaidi ya jouli 2,200. Wawindaji wa huku kwa miaka mingi wametumia jouli 2,000 kama kipimo cha elki. Si sheria, na mnyama hasomi majedwali, lakini inatosha kuonyesha kwamba ndani ya umbali wa kadiri hakuna kilichokuwa kinapungua.

Nilipozidi kusoma niligundua kwamba risasi hiyo ilifika kwetu kabla mimi sijafika kwao. Theodore Roosevelt aliwinda chui wa milimani pale pale Meeker mwaka 1901, na mwaka 1909 akaja Afrika Mashariki na bunduki kadhaa, mojawapo Springfield ya kijeshi iliyotengenezwa upya kwa ajili yake. Ernest Hemingway alikuja Tanganyika mwaka 1933 na .30-06 yake akaitumia kwa wanyama wa nyama na wa pembe. Kwa nyati na vifaru walibeba pia bunduki nzito, kwa sababu ile ile aliyoisema baba.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba jina la risasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kile kichwa kinachoruka. Mwaka 1946 mwindaji mmoja wa Marekani, John Nosler, alimpiga mnyama mkubwa aitwaye moose huko British Columbia, Kanada. Alikuwa na .300 Holland & Holland, risasi yenye mwendo mkubwa kwa wakati huo. Vichwa vilisambaratika kabla ya kufika ndani. Nosler hakutafuta bunduki kubwa zaidi. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa shaba: cha mbele kinatanuka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kusukuma. Mwaka 1948 alianza kukiuza, na mpaka leo kinaaminiwa kwa elki. Siku hizi viko pia vichwa vya shaba tupu, visivyo na risasi ile nyeusi ya madini ambayo vipande vyake vidogo hubaki kwenye nyama. Mimi nimechagua hivyo, vya gramu 10.7, kwa sababu nyama hii inaliwa na watoto wangu. Shaba haimegeki ovyo, kwa hiyo kichwa chepesi kidogo kinapenya vizuri.

Jambo la tatu lilinifikia kutoka Karamoja, Uganda. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mskoti aliyeitwa Walter Bell aliua huko na kwingineko tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alikuwa akipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue hasa ubongo umekaa wapi. Simtaji ili aigwe. Tembo wale waliuawa kwa ajili ya pembe zao, na baba yangu alitumia maisha yake kuwalinda waliosalia. Namtaja kwa sababu kazi yake inathibitisha ukweli mmoja kwa namna ya kutisha: anayejua viungo vya mnyama vilipo, na mkono wake hautikisiki, hahitaji risasi kubwa, na asiyejua, risasi kubwa haimfundishi.

Niliuza bunduki ile. Nikanunua .30-06 iliyokwisha kutumika, kitako chake kimechakaa mahali ambapo shavu la mtu mwingine lilizoea kukaa. Tangu Machi mpaka Oktoba nilikwenda uwanjani kila wiki ya pili. Nilianza bila risasi ndani, nikivuta triga mara kwa mara mpaka jicho likubali kubaki wazi. Kisha risasi tano, siku nyingine kumi, kamwe si zaidi, ili bega lisianze tena kuchoka na kuogopa. Niliacha meza ya uwanjani, maana mlimani hakuna meza. Nilipiga nimeketi, nimepiga goti, nimeegemea begi, nimepanda kwanza kilima kwa mbio ili nipige nikiwa ninahema. Shabaha ilikuwa sahani ya chuma ya sentimita 20.

Kwa njia hiyo nilipata umbali wangu. Mita 150, risasi tano kati ya tano. Mita 200, tano kati ya tano. Mita 230 bado tano. Mita 280, nne, siku nyingine tatu. Kwa hiyo umbali wangu ni mita 230, na namba hiyo imetoka kwenye sahani, haikutoka kwenye kasha la risasi. Elki akisimama mita 300, namtazama, nashukuru kumwona, naanza kutafuta njia ya kumkaribia. Vijana wanaponiuliza risasi gani, mimi huwauliza kwanza sahani yao iko mita ngapi.

Baada ya hapo huwajibu. Ukiwa na bega la kawaida, .30-06 au .308 Winchester ya mwaka 1952 zinatosha. .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, inatosha pia ikiwa na kichwa kigumu. Binti yangu ana mwili mdogo. Anatumia 7mm-08 yenye kichwa cha gramu 9, na katika umbali wa mita 180 simzidi kwa lolote. Anayeimudu .300 au .338 bila kufumba macho, aitumie kwa amani. Mwaka 2020 kulipokuwa na uhaba wa risasi nchini, maduka ya miji midogo yalibaki na rafu tupu kwa miezi. Kwa hiyo chagua risasi inayopatikana kila mahali, ununue mapema, ununue ya kutosha kufanyia mazoezi. Kodi ya asilimia 11 inayotozwa kwenye risasi hizo, kwa sheria ya mwaka 1937, hurudi kuhifadhi wanyamapori wa majimbo. Nilipomweleza baba hilo, alinifanya nilirudie mara mbili. Alisema angetamani yale maganda ya mkekani nayo yangejenga kitu.

Mwaka uliofuata nilirudi milima ile ile na yule mzee, nikiwa na kibali cha jike. Siku tatu sikupiga. Siku ya kwanza walikuwa mbali, ya pili walikuwa wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, na risasi inayopita mwili mmoja ingemjeruhi wa pili. Siku ya nne jioni, dakika chache kabla ya mwisho wa muda halali, jike aliteremka kunywa maji kwenye kijito, umbali wa mita 160. Nilikuwa nimeketi, viwiko juu ya magoti, begi kifuani. Nilisubiri ageuke ubavu. Nikaweka alama nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Nikatoa pumzi nusu. Bismillahi.

Safari hii niliona. Niliona manyoya yakitikisika pale pale nilipolenga, nikaona mguu wa mbele ukijikunja. Alikwenda hatua hamsini, akasimama, akalala. Nilikuwa na kisu mkononi ili nikimkuta hai nimchinje, lakini nilipofika alikuwa ametulia. Nilipiga magoti kwenye theluji na kuweka kiganja juu ya shingo yake, bado ina joto. Nilimkumbuka yule dume wa mwaka uliopita, nikalia.

Mzee na mimi tulibeba nyama mgongoni safari nne, usiku ule na asubuhi yake. Sheria hairuhusu kuacha nyama inayolika porini, na kwetu pia hairuhusiwi, hata pasipo sheria. Tulishuka na kilo 80 hivi bila mifupa. Kwa mzee nilipeleka mnofu wa mgongo. Iliyobaki iligawanywa Aurora: kwa majirani Wasomali, kwa Wakongo wa ghorofa ya pili, kwa msikiti siku ya Ijumaa. Mke wangu alipika pilau, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nchi hii, nyumba yetu ilinukia kama nyumba ya baba siku aliyorudi doria salama.

Nilimpigia usiku huo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Risasi ngapi?"

"Moja."

"Na maganda mengine?"

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimeyatunza kwenye kopo tangu Machi, na kabla ya kupiga simu nilikuwa nimeyamwaga juu ya zulia na kuyahesabu kwa sauti ya chini.

"Mia moja na arobaini, baba. Yote ya uwanjani, kabla yake."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha akairudia ile hesabu taratibu, kama mtu anayeandika daftarini.

"Sawa," akasema. "Zimekubaliana."